Mbele ya kununua mota, tufanye hesabu: volti, ampea, omu na wati



Wakati mota ya mashini ya kusaga inaungua, si mota tu njo inapotea. Michango ya musimu muzima inaenda ku mufundi wa kufunga upya waya za ndani. Wamama wanabeba tena mahindi ku kichwa mpaka kijiji kingine. Na mu mukutano watu wanaanza kuulizana: nani alichagua ile mota?

Mu safari zetu mu mashamba ya kando ya Lubumbashi, ku njia ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi, tunasikia habari za namna hiyo kila mara. Mumoja anasema mota ilikuwa ya bei chini. Mwengine anasema umeme ni mubaya. Mwengine anashitaki jirani mwenye wivu. Lakini mara mingi, tukipima, tunakuta sababu ingine ya kawaida kabisa: waya ilikuwa nyembamba sana kwa ule urefu. Jambo hilo lingejulikana mbele ya kutosha feza, na kaye, biki na kalkuleta ya telefone.

Mu habari hii hatutake kumugeuza kila mukulima kuwa fundi wa umeme. Kazi ya kufunga na kupima ibakie mu mikono ya fundi. Lakini komite yenye inajua hesabu mbili ndogo inaweza kumuuliza fundi maulizo ya kweli, na muuzaji wa soko hataiuzia kintu chenye hakifae.

Namba nne, kila moja na kazi yake

Fikiria tanki ya maji yenye iko juu ya munara, na mupira wenye unashuka mpaka ku bustani ya lenga-lenga.

Volti ni kama urefu wa ule munara. Tanki ikiwa juu, maji yanasukuma na nguvu. Ikiwa chini, yanasukuma kidogo. Kwetu umeme wa SNEL wa nyumbani unapaswa kuwa volti 220. Fasi kuko waya tatu za faze, kati ya faze mbili kuko volti 380.

Ampea ni wingi wa maji yenye yanapita mu mupira kwa wakati mumoja. Kintu kikubwa kinavuta ampea mingi, kintu kidogo kinavuta kidogo.

Omu ni uzito wa njia, ni kusema vile mupira unazuia maji. Mupira mwembamba unazuia, mupira murefu unazuia. Mupira munene na mufupi unaachilia maji yapite. Waya iko vilevile. Huko kuzuia njo tunaita rezistansi.

Wati ni kazi yenye inafanyika: moto wenye unatoka, mahindi yenye yanasagwa, maji yenye yanapanda. Wati 1 000 ni kilowati moja, na mota za soko mara mingi zinaandikwa CV, ni kusema farasi. Farasi moja ni karibu wati 736.

Lakini kuko tofauti moja. Mupira ukivuja, unaona matope. Umeme ukipotea njiani, hauone kintu. Unageuka kuwa moto ndani ya waya, na unaulipa ku fakture sawa vile umeutumia.

Hesabu mbili za musingi

Hesabu ya kwanza: omu = volti ÷ ampea.

Mwalimu Mujerumani, Georg Ohm, alichapisha kanuni hiyo mu kitabu mu mwaka 1827, na jina lake njo lilikuja kuwa kipimo. Kanuni hiyo unaweza kuigeuza. Ukijua omu na volti, unapata ampea: volti ÷ omu. Ukijua ampea na omu, unapata volti: ampea × omu. Hii ya mwisho muishike vizuri, njo itatuonyesha feza inapotelea wapi.

Hesabu ya pili: wati = volti × ampea.

Tuchukue resho ya umeme. Iko ku volti 220 na inavuta ampea 5. Rezistansi yake ni 220 ÷ 5 = omu 44. Nguvu yake ni 220 × 5 = wati 1 100.

Sasa saa ya magaribi inafika. Kila nyumba inawasha, na volti inashuka mpaka 160. Omu za resho zinabakia karibu 44, kwa sababu waya yake ni ileile. Basi ampea inakuwa 160 ÷ 44, ni kusema 3,64. Na wati inakuwa 160 × 3,64, karibu 580. Muone vizuri: volti ilipunguka karibu robo, lakini moto ulipunguka karibu nusu, kwa sababu volti ikishuka inavuta ampea ishuke pamoja naye.

Wenye kufuga kuku wanapaswa kujua hilo zaidi ya wengine. Mashini ya kuangua mayai yenye inatosha tu ku volti 220 haitatosha ku volti 160. Taa yake inawaka, mutu anafikiri yote iko sawa, kisha siku ya 21 mayai hayapasuke. Basi mukichagua mashini, mukamate yenye iko na wati za kuzidi, na kipima-moto cha kuikata wakati joto limetosha.

Mota haifuate njia ya resho

Hapa njo watu wengi wanaanguka. Resho ikikosa volti, inavuta ampea kidogo na inapoa. Mota yenye inabeba muzigo inafanya kinyume. Volti ikishuka, mota inajikaza ili iendelee kuzungusha jiwe la kusaga, na kwa kujikaza inavuta ampea mingi zaidi. Ampea mingi inaleta moto mu waya za ndani. Ile rangi ya kulinda waya inaungua, waya zinagusana, na harufu inajulisha kijiji kizima.

Ku kila mota kuko plaki ya chuma. Musinunue mota yenye plaki yake imefutwa. Tuseme plaki inaandika: 220 V, 15 A, 2,2 kW, cos φ 0,85. Volti na ampea munazijua sasa. Ile 2,2 kW, ni kusema farasi 3, ni kazi yenye inatoka ku ekseli. Si ile yenye mota inakula ku waya. Kwa kujua yenye inakula, ku mota ya faze moja tunazidisha volti, ampea na ile namba ya cos φ: 220 × 15 × 0,85 = karibu wati 2 800. Ile wati 600 ya katikati inabakia ndani ya mota na inageuka kuwa moto na kelele. Basi mukihesabu fakture ya mwezi, mutumie 2 800, si 2 200.

Plaki haiseme kintu kingine cha lazima: wakati wa kuanza, mota ya kawaida inavuta ampea mara tano mpaka saba, kwa dakika kidogo tu za sekunde. Mota yetu ya ampea 15 inaweza kuvuta 75 na zaidi. Tutarudia hapo.

Waya: fasi feza inapotelea

Shaba inatoka mu udongo wetu wa Katanga, lakini waya ya shaba inaturudilia na bei kali. Njo maana komite inajaribiwa kununua nyembamba. Tuone hasara yake.

Waya ya shaba ya urefu wa metre 1 na unene wa milimetre-mraba 1 iko na rezistansi ya karibu omu 0,018. Kwa waya yoyote ya shaba hesabu ni hii: omu = 0,018 × urefu ÷ unene.

Tuseme mashini yenu iko metre 100 kutoka ku konteri. Umeme unaenda na unarudi, kwa hiyo urefu wa waya ni metre 200, si 100. Mota inavuta ampea 15. Kisha tunazidisha ampea na omu ili tujue volti zenye zinabakia njiani.

Waya ya 2,5: omu 1,44. Zinapotea volti 21,6 na wati 324. Ku mota zinafika volti 198.
Waya ya 4: omu 0,9. Zinapotea volti 13,5 na wati 203. Zinafika volti 206.
Waya ya 6: omu 0,6. Zinapotea volti 9 na wati 135. Zinafika volti 211.
Waya ya 10: omu 0,36. Zinapotea volti 5,4 na wati 81. Zinafika volti 214.

Kanuni yenye mafundi wengi wanafuata kwa mota ni kutopita 5 ku 100 ya volti. Ku 220, ni volti 11. Basi waya ya 2,5 inaanguka mutihani, ya 4 inaanguka kidogo, ya 6 inapita.

Na hesabu hiyo ni ya siku njema, wakati konteri iko na volti 220 kamili. Kama konteri iko na 190, kama vile inafika saa za jioni, waya ya 2,5 inaachia mota volti 168 tu. Pale mota inaungua.

Sasa turudilie saa ya kuanza. Kama mota inaomba ampea 75, waya ya 2,5 ingekula 75 × 1,44, ni kusema volti 108. Karibu nusu! Mu kazi ya kweli ampea itapunguka kidogo kwa sababu ya kukosa volti, lakini matokeo munayajua: mota inalia «mmm», haizunguke, na mutu anaisukuma na mukono ku mukanda. Ku waya ya 10, hesabu ileile inakula volti 27, na mota inaondoka. Basi mota yenye inalia bila kuzunguka muikate mara moja, kisha mupime volti zenye zinafika kwake wakati inajaribu kuanza. Musiishitaki mota mbele ya kupima. Na pahali kuko metre 100, tunashauria waya ya 10 kama feza inaruhusu.

Wati zenye zinapotea ni feza vilevile. Kati ya waya ya 2,5 na ya 6 tofauti ni wati 189. Mukisaga saa 5 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni karibu kilowati-saa 25 kila mwezi zenye zinapasha waya bure. Muzizidishe na bei yenye iko ku fakture yenu, kisha muhesabu miaka 5. Mutaona kama waya nyembamba ilikuwa kweli ya bei chini.

Muangalie tena soko. Waya ya aluminiumu iko na rezistansi ya karibu 0,028, ni kusema inazuia zaidi ya shaba mara moja na nusu. Si mubaya, lakini inapaswa kuwa munene zaidi. Ubaya ni ile yenye inapakwa shaba juu na kuuzwa kama shaba. Mukwangule na kisu mbele ya kulipa: ndani ikiwa nyeupe, si shaba.

Somo la ile laini kubwa ya Inga

Watu wa Katanga wote wanajua laini kubwa yenye inatoka ku Inga, kule Kongo ya Chini, mpaka Kolwezi. Iko na urefu wa karibu kilometre 1 700 na ilimalizika mu mwaka 1982. Inabeba umeme ku volti 500 000. Juu ya nini volti mingi hivyo, wakati nyumbani tunatumia 220?

Jibu ni hesabu yetu. Tuseme mutu anataka kutuma wati 1 100 000. Ku volti 220 atahitaji ampea 5 000. Ku volti 220 000 atahitaji ampea 5 tu. Na moto wenye unapotea mu waya unafuata ampea mara ampea: ampea ikipunguka mara 1 000, hasara inapunguka mara 1 000 × 1 000. Bila volti ya juu, umeme wa Inga ungebakia wote njiani, mu pori.

Koperative inaweza kutumia somo hilo kwa njia tatu.

Kwanza, muweke mashini karibu na kabini ao poto, si karibu na nyumba ya prezida. Mahindi yanabebwa ku kinga. Volti zenye zimepotea hazibebwe.

Pili, fasi faze tatu ziko, mota ya volti 380 inafanya kazi ileile na ampea kidogo ku kila waya.

Tatu, kwa wenye kutumia pano za jua, muangalie volti ya batri. Pompe ya wati 240 ku volti 12 inavuta ampea 20. Ku volti 48 inavuta ampea 5. Kama iko metre 20 kutoka ku batri, waya ya 2,5 ya kwenda na kurudi iko na omu 0,288. Ku volti 12, zinapotea 20 × 0,288, karibu volti 5,8, ni kusema karibu nusu ya yote. Ku volti 48, zinapotea volti 1,4 tu. Ni pompe ya nguvu ileile na waya ileile. Njo maana wengine wananunua pompe ya muzuri na maji hayapande, kisha wanasema jua la kwetu halina nguvu. Jua halina kosa.

Hesabu ya mwili wa mutu

Kanuni ya Ohm inafanya kazi ku waya, na inafanya kazi ku mwili vilevile. Ngozi yenye imekauka inazuia umeme kidogo. Lakini mutu mwenye jasho, mwenye kusimama bila viatu mu matope ya kumwangilia, mwili wake unaweza kuzuia karibu omu 1 000 tu. Akigusa volti 220, umeme wenye unapita ndani yake ni 220 ÷ 1 000 = ampea 0,22. Na ampea 0,03 inatosha kuleta hatari ya kufa. Ni mara saba ya hatari.

Kwa hiyo kila pompe na kila mashini ya chuma ikuwe na waya ya ardhi, na dijonkteri ya kulinda watu, yenye inaandikwa 30 mA. Ile 30 mA njo ampea 0,03. Ikihisi umeme unatoroka, inakata.

Dijonkteri ingine, ya kulinda waya, isibadilishwe na kubwa zaidi kwa sababu «inaanguka kila mara». Inaanguka kwa kusema kuko kintu. Na kuweka kipande cha waya fasi ya fizibu ni kama kumufunga kinywa mbwa wa kulinda, kisha kulala mulango wazi. Waya inapata moto ndani ya ukuta, na gala lenye magunia ya mavuno linakuwa juu yake.

Maulizo ya kupeleka ku mukutano

Mbele ya kutosha feza ya kununua mota, pompe ao waya, komite isome haya mbele ya washirika wote, na sekretere aandike majibu mu kaye:

1. Plaki inaandika volti ngapi, ampea ngapi, kilowati ngapi?
2. Konteri yetu iko na volti ngapi asubui, muchana na saa moja ya magaribi? Fundi apime siku tatu.
3. Kutoka ku konteri mpaka ku mashini ni metre ngapi? Zidisha na 2.
4. Waya ni shaba ao aluminiumu? Unene wake ni ngapi?
5. Omu za waya ni ngapi, na volti ngapi zitapotea? Zinapita 11?
6. Mota ikianza na ampea mara tano, volti ngapi zitabakia?
7. Kama tunatumia grupu ya mazuti, inaweza kubeba ile ampea ya kuanza, si ya kutembea tu?
8. Waya ya ardhi na dijonkteri ya 30 mA ziko mu bei yenye fundi alituandikia?

Kama ku ulizo la 2 munaona volti ya magaribi inashuka sana, shauri la bei chini kabisa ni kubadilisha saa: musage asubui, na magaribi muache mashini ipumzike. Haiombe feza hata moja.

Kama fundi hawezi kujibu ulizo la 5, mumuombe alifanye mbele yenu, na namba zenye tumeonyesha hapa. Fundi wa kweli hatakasirika. Na kijana wa kijiji mwenye kusoma sekondari, muvulana ao musichana, anaweza kufanya hesabu hiyo pembeni yake kwa kuhakikisha. Kisha muweke kaye mu kabati ya koperative pamoja na fakture za mashini, ili komite yenye itafuata isianze tena upya.